Pawa saplai ya kadi ya grafiki: isome lebo kabla hujatoa pesa

Mwaka jana, kaskazi ikiwa imeshika na Tanga yote inatoka jasho, kijana mmoja anayepiga na kuhariri video za harusi aliingia kwenye kibanda changu hapa Ngamiani amekumbatia kompyuta kwa mikono miwili. Ilikuwa Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ya kava la kusimama, ndani ina prosesa ya Core i5-3470. Alikuwa ameinunulia kadi ya grafiki ya RX 580 iliyotumika ili kazi ya kutoa video isimkeshe. Aliyemuuzia kadi alimwambia ukweli: pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 275 iliyokuja na Dell haitaibeba, na haina hata waya wa kuchomeka kwenye kadi. Akaenda duka jingine, akapata pawa saplai mpya, sanduku la kuvutia, ubavuni imeandikwa 600W kwa herufi kubwa. Shilingi elfu thelathini na tano.

Ilifanya kazi siku tisa. Usiku wa kumi, video ya harusi ikiwa imevuka nusu, akasikia mlio kama wa kokoto iliyorushwa kwenye bati, chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua, kila kitu kikazima. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ilikufa. Diski haikuzunguka tena. Na harusi nzima ilikuwa ndani ya diski ile, kwa sababu memori kadi za kamera alishazifuta ili aende nazo kwenye kazi nyingine.

"Fundi, niangalizie diski kwanza," aliniambia. "Kompyuta hata mwezi ujao."

Habari ya diski nitairudia. Kwanza niseme nilichokikuta kwenye ile pawa saplai, maana karibu kila alichohitaji kujua kilikuwa kimeandikwa ubavuni mwake tangu siku aliyoinunua.

Namba kubwa na jedwali dogo

Pawa saplai hutoa umeme wa aina tatu unaotuhusu hapa: volti 3.3, volti 5 na volti 12. Kadi ya grafiki na prosesa ndio walaji wakubwa wa kompyuta, na wote wawili hula kwenye volti 12. Zile nyingine ni za diski, USB na vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo ukitaka kujua pawa saplai ina nguvu gani kwa ajili ya kadi, achana na namba kubwa, tafuta kwenye lebo jedwali dogo lenye ampea, shuka mpaka safu ya +12V, chukua ampea zake uzizidishe kwa 12. Jibu ndilo nguvu yako.

Kwenye ile ya kijana, safu ya volti 12 ilisema ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Nikajumlisha na safu nyingine zote, ya 3.3 na ya 5, bado haikufika hata 420. Ile 600 haikuwa imetoka kwenye hesabu yoyote. Sasa weka mzigo: RX 580 peke yake hula hadi wati 185, na i5-3470 imepangiwa 77. Jumla 262, zote kwenye volti 12, juu ya kitu kinachokiri chenyewe kwamba mwisho wake ni 216. Nashangaa ilifika siku tisa.

Linganisha na pawa saplai ya kweli ya wati 550. Safu yake ya volti 12 utakuta ampea 45 hivi, yaani wati 540. Namba kubwa na jedwali vinakaribiana sana. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza dukani, na hakihitaji kifaa chochote zaidi ya simu yenye kikokotoo. Kama volti 12 haifiki hata robo tatu ya namba ya kwenye sanduku, irudishe kwenye rafu, usisikilize tena maelezo.

Jambo moja la kuangalia: lebo nyingine huonyesha safu mbili, 12V1 na 12V2, kila moja na ampea zake. Usizijumlishe kichwa kichwa. Chini yake huwa kuna wati za jumla kwa hizo mbili zikifanya kazi pamoja, na mara nyingi ni ndogo kuliko jumla unayoipata wewe. Hiyo ya chini ndiyo ya kuamini.

Kwa nini basi zipo pawa saplai zenye ampea nyingi kwenye 3.3 na 5 halafu 12 imenyimwa? Kwa sababu ni michoro ya zamani. Enzi za nyuma prosesa zilikuwa zikila kwenye volti 5. Kompyuta zilibadilika, viwanda vya bei ya chini vikaendelea kutoa kitu kilekile na kubadilisha karatasi ya nje.

Hesabu ya mzigo

Wateja wengi huniuliza, "Fundi, kadi hii inataka pawa saplai ya wati ngapi?" Swali zuri, lakini kadi haikai peke yake. Mimi hufanya hivi. Nachukua wati za kadi kama mtengenezaji alivyoziandika. Naongeza wati za juu kabisa za prosesa, si zile za kawaida. Core i5-12400F, kwa mfano, inatajwa kwa 65, lakini ikikaza hufika 117, na mimi huhesabu 117. Halafu naongeza 60 kwa ajili ya mazabodi, RAM, diski na feni.

Mteja mwenye hiyo i5-12400F akitaka RTX 3060, ambayo ni wati 170: 117 na 170 na 60 ni 347. Nikipata hapo, natafuta pawa saplai ambayo mzigo huo utakuwa kama theluthi mbili yake, siyo zaidi. Inakuja 550, na ndiyo hiyohiyo Nvidia wanayoipendekeza kwa 3060. Mwingine ana Core i3-12100F, inayofika 89, na anataka RX 6600 ya wati 132. Jumla yake ni 281, na pawa saplai nzuri ya 450 inamtosha kabisa. Mtu huyu ukimuuzia ya 850 umemmalizia pesa ambayo angenunulia RAM.

Kwa nini niache theluthi moja tupu? Sababu ya kwanza ni joto. Pawa saplai isiyokamuliwa hupoa, feni yake haipigi kelele, na kapasita zake, vile vikopo vya kuhifadhi chaji, huishi. Ya pili ni kwamba kadi za sasa hazili umeme kwa utulivu. Kadi iliyoandikwa wati 320, kama RTX 3080, inaweza kuruka kwa kipande kidogo sana cha sekunde ikavuta mbali juu ya hapo, kisha ikashuka. Wewe huoni chochote kwenye skrini, lakini pawa saplai imeona, na kama haina nafasi hujizima ikidhani kuna shoti. Ndiyo ile kompyuta inayozima ghafla katikati ya gemu halafu inawaka vizuri ukiirudisha. Nimeletewa nyingi za hivyo watu wakiwa wameshabadilisha RAM, wameshapiga Windows upya mara mbili, kumbe tatizo ni mruko. Kwa 3080 usishuke chini ya 750.

Mwaka 2022 ulitoka mwongozo mpya wa pawa saplai unaoitwa ATX 3.0, na mmoja wa masharti yake ni kwamba pawa saplai zinazotoa umeme kwa kadi kubwa zistahimili miruko inayofika mara mbili ya uwezo wake wote kwa mikrosekunde 100. Ukikuta ATX 3.0 au 3.1 kwenye sanduku la kampuni inayoaminika, na unanunua kadi ya sasa, ichukue. Kwa RTX 4060, yenye wati 115 tu, usijitese nayo.

Nyaya, hapa ndipo watu huunguzia

Slot ya mazabodi yenyewe huipa kadi hadi wati 75. Ndiyo maana GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi hazina tundu la waya kabisa. Kadi ikitaka zaidi, inadai waya wake kutoka pawa saplai: ule wa pini sita hubeba wati 75, wa pini nane hubeba 150. Igeuze kadi, hesabu matundu, kisha hakikisha pawa saplai ina nyaya hizo zenyewe, zinazotoka ndani yake. Kama haina waya wa pini nane, hilo ni jibu: aliyeitengeneza hakuikusudia kadi ya namna hiyo.

Hapo ndipo zinapoingia zile nyaya fupi za kubadilishia, zinazouzwa elfu mbili tatu. Upande mmoja ni plagi ya SATA, ile inayopeleka umeme kwenye diski, upande mwingine ni tundu la kadi. Naomba usikilize vizuri. Plagi ya SATA ina pini tatu tu za volti 12, kila moja imepangiwa ampea moja na nusu. Hiyo ni ampea nne na nusu, wati 54. Tundu la pini sita linaweza kudai 75, la pini nane 150. Plastiki ya plagi huanza kulainika, pini zinalegea, zinapolegea joto linazidi. Nimeshachomoa plagi za hivyo zimegandana na waya kama nta. Kijana wa harusi naye alikuwa na waya wa kubadilishia, wa kutoka Molex mbili (plagi za zamani za pini nne) kwenda pini nane, na rangi ya njano ya waya ilikuwa imegeuka kahawia karibu na mdomo.

Nyaya za pini nane zipo za aina mbili, na zinafanana mno. Wa prosesa hugawanyika nne kwa nne. Wa kadi hugawanyika sita na mbili. Chanya na hasi zimekaa kinyume, kwa hiyo ukiulazimisha wa prosesa kwenye kadi unapeleka volti 12 moja kwa moja ardhini. Plastiki imeundwa isikubali. Ukiona unatumia nguvu, simama.

Kadi yenye matundu mawili ipe nyaya mbili tofauti, hata kama waya mmoja una vichwa viwili. Kwa kadi ndogo kichwa cha pili hakina shida. Kwa kadi ya wati 250 na kuendelea, mzigo wote unapita kwenye waya mmoja na plagi moja upande wa pawa saplai, na huko nyuma ndiko kunakochemka usipopaona.

Pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa zina hatari yake pia. Upande wa kadi ni sare kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila kiwanda hupanga pini kivyake, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Waya wa pawa saplai ya zamani unaweza kuingia vizuri kwenye mpya na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski zinakufa hapo hapo. Ukinunua iliyotumika, chukua na nyaya zake zote, na kama muuzaji amezichanganya kwenye ndoo, mwachie.

Na ule waya mpya wa pini kumi na sita, uliosambaa na kadi za RTX 40: unabeba hadi wati 600 kwa pini ndogo kuliko zile za waya wa pini nane. Mwaka 2022 plagi kadhaa za RTX 4090 ziliyeyuka, na mwaka uliofuata mdomo ukarekebishwa ukaitwa 12V-2x6. Ukiwa nao, sukuma mpaka usikie umekaa, kisha angalia kwa tochi ya simu kama kuna mwanya. Usiukunje karibu na mdomo, uache unyooke kama sentimita tatu na nusu kwanza. Hapo usiwe na haraka.

Dell na HP za mtumba

Wengi wetu tunaanzia hapa, na si vibaya. Mashine hizi za ofisi ni imara. Ila kabla hujanunua pawa saplai, fungua kava uangalie waya mkubwa wa mazabodi. OptiPlex 7010 ina mdomo wa kawaida wa pini 24, kwa hiyo pawa saplai yoyote ya kawaida inaingia. OptiPlex 9020, ndugu yake wa karibu, ina mdomo wa pini nane wa Dell wenyewe. HP EliteDesk 800 G1 ina wa pini sita. Hizo zinahitaji waya maalumu wa kubadilisha kutoka 24, na huo tofauti na ule wa SATA hauna ubaya, mradi umenunua ulioandikwa kwa mashine yako hasa. Kwenye kava zile nyembamba usihangaike, hata nafasi ya pawa saplai ya kawaida haipo. Tafuta kadi isiyodai waya, uishi nayo kwa amani.

Mashine zilizotoka Marekani au Japani zina kisa kingine. Kama pawa saplai ina swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma, iangalie kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 na umeme wetu ni 230, ndani huzidisha mara mbili na kapasita mbili zilizopangiwa volti 200 kila moja zinapokea zaidi ya 300. Mlio wake utausikia mtaa wa pili. Swichi hiyo yenyewe ni ishara ya muundo wa kizamani, kwa hiyo kwa kadi ya grafiki siichagui hata ikiwa mpya.

Kinachojizima kabla hakijaua

Sasa ile diski. Kwenye bodi ya diski kubwa, karibu na mdomo wa umeme, mara nyingi kuna diodi mbili nyeusi ndogo kama punje za mchele. Moja inalinda volti 5, moja inalinda volti 12. Umeme ukizidi, diodi hujitoa mhanga: inapiga shoti ili volti isiendelee ndani. Niliweka mita kwenye ile ya volti 5, kimya. Kwenye ile ya volti 12 mita ikalia. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikaipasha moto, nikaing'oa, nikaunganisha diski kwenye pawa saplai niliyoipima muda uleule, nikaweka kidole juu ya kava lake. Ilitetemeka kidogo, kisha ikaanza kuzunguka. Tulinakili harusi yote kwenye diski nyingine, tumekaa pale bila kugusa meza, saa karibu nne. Diski ile nikamwambia asiitumie tena, kwa sababu mlinzi wake ameshaondoka.

Kazi hiyo ya kulinda ilipaswa kufanywa na pawa saplai. Nzuri huzima yenyewe volti ikipanda, ikishuka, mkondo ukizidi, kukiwa na shoti, au joto likivuka kiasi. Kwenye maelezo ya kiwanda utaona vifupisho vya ulinzi huo: OVP (volti kupanda), UVP (volti kushuka), OCP (mkondo kuzidi), OPP (wati kuzidi), SCP (shoti) na OTP (joto). Viwe vyote. Niliifungua ile ya kijana na humo hakukuwa na kitu: sehemu iliyochorwa kwa ajili ya koili ya kuchujia umeme walikuwa wamelehemu kipande cha waya mtupu, na transfoma ilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Wewe usiifungue yako. Kapasita za ndani huweka chaji ya volti 325 hata ukishachomoa plagi.

Kabla ya kununua, ishike. Nzuri ni nzito, mkono unajua. Kisha tafuta jina kamili la modeli na siyo la kampuni tu, kwa sababu kampuni ileile huwa na familia ya juu na ya chini. Corsair wana CX na wana RM, na haziko daraja moja. Cybenetics hupima pawa saplai na kuweka ripoti zao wazi kwa modeli nyingi. Mimi modeli ambayo hakuna aliyewahi kuipima siipeleki kwa mteja.

Nembo ya 80 Plus watu huielewa vibaya. Haisemi pawa saplai ni imara, inasema tu haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Hata hivyo ina maana mfukoni. Kompyuta inayokula wati 300 ndani, kwa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 inavuta 375 ukutani, kwa yenye asilimia 90 inavuta 333. Ukifanya kazi saa nane kila siku, tofauti kwa mwezi ni uniti kumi hivi za LUKU. Kwa mhariri wa video, Gold, daraja la juu la nembo hiyo, inajilipa yenyewe. Kwa anayecheza gemu wikiendi, Bronze, daraja la chini yake, ya kampuni nzuri inatosha.

Umeme wetu wenyewe

Pwani tuna mambo matatu: umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, umeme mdogo jioni, na hewa ya chumvi. Pawa saplai yenye uwezo wa volti 100 hadi 240 inavumilia umeme mdogo kuliko ile iliyoandikwa 230 pekee, kwa hiyo angalia mstari wa juu wa lebo. Angalia pia kama wati zake zimepimwa kwenye joto la nyuzi 40 au 50. Zilizopimwa kwa nyuzi 25 hazijui mwezi wa pili wa Tanga.

Kwenye UPS usidanganyike na VA. UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390, na kompyuta yenye 3060 ikikaza imeshagusa hapo. Chukua ya 1000VA au zaidi. Pawa saplai nyingine nzuri zikiwekwa kwenye UPS za bei ya chini huzima palepale UPS inapoingia kazini, kwa sababu wimbi lake la umeme ni la ngazi ngazi, si laini. Ijaribu dukani: washa, chomoa ukutani, ona.

Kama ukigusa kava kompyuta "inang'ata", nyumba haina athi, au soketi haijaunganishwa nayo. Usivae kandambili ukasema imeisha. Muite fundi umeme.

Ukishafunga

Muuzaji atakuwekea kipande cha waya kati ya kijani na nyeusi, feni izunguke, akuambie nzima. Feni inazunguka kwa wati mbili tu. Haithibitishi kitu kuhusu 200.

Mimi hufunga kila kitu, nawasha programu ya kuitwisha kadi kama FurMark na nyingine ya kuikaza prosesa, zote kwa pamoja, nusu saa. Huku zinaendelea naweka mita kwenye plagi ya Molex iliyo tupu: njano na nyeusi isishuke chini ya 11.4 wala kuvuka 12.6, nyekundu na nyeusi iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ninachopenda zaidi ni kuona inavyosogea. Ikianza 12.1 bila mzigo na ikabaki 12.0 kwenye mzigo, nalala usingizi. Ikishuka mpaka 11.5, hata kama iko ndani ya kipimo, nairudisha. Halafu napitisha kidole kwenye kila plagi. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuendelea kushika, zima.

Kijana wa harusi nilimfungia ya 550, Bronze, yenye waya wake wenyewe wa pini nane, kwenye mazabodi nyingine ya 7010 tuliyoipata kwa bahati. RX 580 ilikuwa imepona. Ile ya "600W" nilikata nyaya zake zote kwa koleo, zikiwa fupi kiasi cha kutoungika, ndipo nikaitia kwenye gunia la taka, kwa sababu kikitupwa kizima kesho kitakuwa kwenye meza ya mtu kinauzwa.